Programu imekubali, ila mwenyewe hujaielewa: AI na kujifunza kuprogramu

Mjadala wa AI na kujifunza kuprogramu hauishi kwa sababu watu wanabishana vitu vitatu tofauti wakidhani ni kimoja. Kuna anayesema AI inasaidia mno, huyo ana maana kazi inaisha haraka. Kuna anayesema AI inawaharibu madogo, huyo ana maana wanakabidhi vitu wasivyovielewa. Afu kuna anayeuliza ya nini hata kwenda kusomea kama mashine inaandika yenyewe, huyo anaongelea ajira tu basi. Na wote watatu wanaweza kuwa sahihi siku hiyohiyo kuhusu mwanafunzi huyohuyo, ndo maana hawamalizani. Mimi nitakaa zaidi kwenye hilo la pili, la kuelewa, maana ndo lenye mambo mengi na ndo watu wanaliruka haraka.

Tuanzie kasi yenyewe ilivyokuja. Mwezi wa saba 2021 OpenAI, kampuni iliyokuja kutoa ChatGPT, walitoa ripoti ya modeli inaitwa Codex, iliyofundishwa kwa misimbo ya wazi (yaani maandishi ya programu) iliyojaa kule GitHub, tovuti ambako waprogramu wanahifadhi kazi zao, wakaipima kwa maswali 164 ya kuandika fanksheni fupi fupi, vipande vya programu vya kufanya kazi moja, kwa lugha ya kuprogramu ya Python. Kwa jaribio moja kila swali ilipata asilimia 28.8, wakati GPT-3, modeli yao ya awali ambayo haikusomeshwa misimbo makusudi, ilipata sifuri. Ukisikia 28 unasema huyu kafeli tu. Lakini watafiti, wakiwemo walimu wa Chuo Kikuu cha Auckland kule New Zealand wakachukua mitihani ya kweli ya kozi ya mwanzo ya kuprogramu wakampa Codex aifanye, na ukimpanga pamoja na wanafunzi 71 waliofanya mitihani hiyohiyo anashika nafasi ya 17. Hiyo ilichapishwa mwanzoni mwa 2022, yaani ChatGPT bado haijatoka. ChatGPT imekuja tarehe 30 Novemba 2022, na haikupita wiki Stack Overflow, tovuti ambayo waprogramu wanaulizana maswali, wakapiga marufuku watu kubandika majibu yake, sababu yalikuwa yanapendeza kusoma ila mengi yana makosa ndani, na wasomaji walikuwa hawawezi kuyachuja kwa wingi ule.

Sasa kwa nini mashine hizi zinaweza hasa zile kazi tunazowapa wanafunzi? Hapa ndo panatakiwa kueleweka vizuri. Modeli ya lugha inachofanya ni kukisia kipande cha maandishi kinachofuata kutokana na vilivyotangulia, kipande baada ya kipande, kwa kufuata mazoea iliyoyaokota kwenye maandishi mengi sana. Asaimenti za mwaka wa kwanza ni zilezile dunia nzima: kikokotoo, mfumo wa maktaba, namba tasa, kupanga orodha kuanzia ndogo hadi kubwa, mfumo wa kuandikisha wanafunzi. Zimeandikwa na watu mara maelfu kwa maelfu na zikabaki mtandaoni. Kwa hiyo kitu ambacho kwa dogo ni kigumu na kipya, kwa mashine ni njia iliyokanyagwa mpaka imekuwa barabara. Ukienda kwenye kazi ambayo haijaandikwa sana, mfano kuunganisha mfumo wa malipo wa kampuni ya huku kwetu ambao maelezo yake yenyewe yamekaa vibaya, hapo ndo utaiona inatunga majina ya fanksheni ambazo hazipo, na inatunga kwa kujiamini kabisa.

Kwa hiyo tatizo la kwanza sio kwamba AI ina akili sana. Tatizo ni kwamba imevunja ushahidi. Miaka yote mwalimu wa kuprogramu alikuwa anatumia njia moja rahisi ya kujua mwanafunzi kaelewa, anaangalia programu imekubali au imegoma. Ikikubali, kuna uwezekano mkubwa huyu mtu ameteseka nayo, amekutana na erori tano sita, amezitatua, na kwenye kule kuteseka ndo kitu kimeingia kichwani. Kudesa kulikuwepo ndio, tena kwingi, lakini desa nalo lilikuwa linakamatika. Kuna mfumo unaitwa MOSS wa Stanford, upo tangu 1994, unalinganisha kazi za darasa zima na kuonyesha zipi zinafanana hata kama mtu kabadilisha majina ya vigezo. Sasa MOSS inatafuta nani kafanana na nani. AI inamwandikia kila mtu kivyake, leo hivi kesho vile, hakuna wa kufananishwa naye. Na ile mitambo ya kunusa maandishi ya AI usiitegemee kabisa, OpenAI wenyewe walitoa ya kwao Januari 2023, kwenye vipimo vyao ikakamata asilimia 26 tu ya maandishi ya AI na kusingizia asilimia 9 ya maandishi ya binadamu, ilipofika mwezi wa saba wakaiondoa. Na hiyo ni kwa maandishi ya kawaida, ambayo yana mtindo wa mtu ndani yake, sembuse fanksheni ya mistari sita ambayo watu wote wangeiandika karibu vilevile.

Haya, je AI inamfanya mtu asielewe? Hapa tafiti ukizisoma juujuu zinapingana, na kila upande unachukua ile inayompendeza.

Uturuki walifanya jaribio na wanafunzi wa sekondari karibu elfu moja. Lilikuwa la hesabu, sio kuprogramu, ila nalileta kwa sababu limepangwa vizuri na linaonyesha kitu waziwazi. Kundi moja lilipewa chatiboti ya GPT-4 ya kawaida wakati wa mazoezi, kundi lingine likapewa ileile ila imefungwa isitoe majibu, itoe vidokezo tu, na kundi la tatu daftari na kitabu kama zamani. Kwenye mazoezi wenye chatiboti ya kawaida waliwazidi wenzao kwa asilimia 48, wenye ile ya vidokezo wakazidi kwa 127. Mambo safi. Afu wakanyang'anywa wote, wakapewa mtihani mikono mitupu. Wale wa chatiboti ya kawaida wakashuka asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuigusa kabisa. Wale wa vidokezo hawakushuka, ila hawakupanda pia, walikuwa sawa na wa daftari.

Upande wa pili kuna utafiti wa 2023 wa watoto 69 wa miaka 10 hadi 17 ambao hawajawahi kuandika Python, nusu wakapewa Codex. Waliopewa walimaliza kazi nyingi zaidi, na walipoondolewa mashine hawakuonekana kuumia. Mtu wa kutetea AI anaishika hii anaondoka nayo. Ila angalia ilivyopangwa: kila baada ya kazi ya kuandika, ambayo Codex inaruhusiwa, ilifuata kazi ya kuubadilisha ule msimbo, na hapo Codex inafungwa. Yaani mtoto alikuwa anajua kabisa kwamba hiki ninachopewa sasa hivi, dakika chache zijazo nitakifungua na kukirekebisha kwa mkono wangu. Kwa hiyo anakisoma. Ukiziweka hizo mbili pamoja hazipingani hata kidogo, zinasema kitu kilekile, kwamba swali sio kama ulitumia AI, swali ni kama kuna mahali ulilazimika kuushika msimbo mwenyewe. Kukaa siti ya mbele ya daladala miaka kumi hakumfanyi mtu dereva, hata kama njia ya Mbagala anaijua kona kwa kona.

Afu kuna utafiti wa tatu ambao kiukweli ndo unanisumbua kuliko yote, wa 2024, wanafunzi 21 tu, lakini walikaa nao mmoja mmoja wakiwa wanaprogramu na AI, wakarekodi macho yao yanaangalia wapi kwenye skrini, wakawaambia waongee wanachofikiria. Wale ambao tayari walikuwa vizuri walitumia AI kwenda haraka, na mapendekezo yasiyo na maana wakayapuuza. Wale waliokuwa na shida, shida zao za zamani zilibaki palepale zikaongezeka nyingine mpya, na juu ya hapo wakaondoka wakiamini wamefanya vizuri kuliko walivyofanya. Hiyo ya mwisho ndo sumu. Zamani mtu asiyeelewa alikuwa anajua haelewi, kwa sababu programu imegoma na ipo pale inamwangalia, anaenda kumuuliza mwenzake au anaamka alfajiri. Saivi haijagoma. Na usidhani ni mambo ya wanafunzi peke yao: 2025 METR, shirika la kupima uwezo wa AI, liliwapima waprogramu wazoefu 16 kwenye kazi 246 za miradi yao wenyewe wanayoijua, walipotumia AI walichelewa kwa asilimia 19, na baada ya kumaliza wakasema wanahisi imewaharakisha kwa asilimia 20. Kama mtu wa miaka mingi kazini anadanganyika hivyo kuhusu muda wake mwenyewe, mwaka wa kwanza atajuaje kwamba hajaelewa lupu, ile sehemu ya programu inayojirudia?

Tuiangalie kwa karibu, maana maneno matupu hayatoshi. Chukua asaimenti ya kawaida kabisa. Kikoba kina faili la wanachama, jina, namba ya simu na mchango, andika programu ya Python isome faili, ihakikishe namba ziko sawa, itoe orodha ya watu wa kutumiwa meseji. Dogo anaibandika kwa AI kama ilivyo, anapewa mistari kama kumi na mbili, na mstari wa maana wa kwanza ni huu, wa kusoma faili la CSV, yaani jedwali lililoandikwa kwa maandishi matupu:

data = pd.read_csv("wanachama.csv")

Inakubali. Anachungulia matokeo, anakuta namba iliyokuwa 0712345678 imekuwa 712345678. Sifuri imeliwa. Imeliwa kwa sababu pandas, maktaba ya Python ya kusoma na kuchambua majedwali (ndo hiyo pd kwenye mstari), haijui habari za simu, imeona tarakimu tupu ikachukulia ni namba ya mahesabu, na kwenye mahesabu sifuri ya mbele haina kazi yoyote. Anarudi kwa AI anaandika "sifuri ya mwanzo imepotea". AI inamjibu vizuri tu, geuza iwe maandishi halafu bandika "0" mbele. Anabandika, inakubali, namba zinapendeza, anakabidhi, anapata zake 18 kwa 20.

Sasa faili la kikoba cha kweli lina mama mmoja ambaye hana simu, sehemu yake iko wazi. Nafasi moja tu iliyo wazi inatosha kuifanya pandas igeuze safu nzima kuwa namba za desimali, maana kwa kawaida yake safu ya namba kamili haina jinsi ya kubeba pengo. Kwa hiyo ile 712345678 inakuwa 712345678.0, ikigeuzwa maandishi na kubandikwa sifuri inakuwa 0712345678.0. Hesabu hizo herufi, nukta ikiwemo. Ni 12. Na ule ukaguzi ulioandikwa na AI unasema namba sahihi ina urefu wa 10 kama imeandikwa kwa 07, au 12 kama imeandikwa kwa 255, na kwa kuwa unaangalia urefu peke yake, namba zote mbovu zinapita bila kuulizwa, halafu anayekataliwa ni yule mama asiye na simu peke yake. Dogo anaona kwenye skrini: mmoja amekataliwa, na kweli hana simu. Anasema si unaona, programu yangu mpaka imegundua. Hakuna meseji hata moja itakayofika.

Dawa yake ni maneno machache pale kwenye mstari wa kwanza, dtype=str, yaani soma kila kitu kama maandishi, maana namba ya simu hujumlishi wala hugawi. Na tusiionee AI, ukiiuliza "kuna hatari gani kusoma namba za simu kwenye faili la CSV" itakuambia yote hayo ndani ya sekunde tano, sifuri, desimali, nafasi tupu, mpaka ile alama ya kujumlisha ya +255. Jibu inalo. Ila analipata anayejua kwamba hapo kuna la kuuliza, na kujua huko kunatokana na kuelewa aina za data, kitu ambacho kiko kwenye somo la wiki ya pili na ambacho dogo alikiruka kwa sababu programu zake zote zilikuwa zinakubali. Ndo maana mwenye nacho anazidi kuongezewa.

Kwa upande wetu huku kuna jambo ambalo wazungu wanaoandika tafiti hizi hawalioni, na ni la faida, sitaki kulipita. Mtoto wa Tanzania anasoma msingi kwa Kiswahili, akifika sekondari kila kitu kinageuka Kiingereza, afu akifika kwenye kuprogramu anakuta maelezo, video, meseji za erori, vyote Kiingereza cha kiufundi. Wengi hawashindwi na lupu, wanashindwa na sentensi inayoieleza lupu. Saivi unaweza kuiambia AI "nieleze hii erori kwa Kiswahili rahisi, mimi ni mwanzaji, usinipe jibu" na inakueleza, wakati mwingine kwa Kiswahili cha ajabu ajabu lakini unapata picha. Unauliza saa sita usiku, unauliza swali la kijinga mara nne, hakuna anayekucheka darasani. Kwa mwanafunzi aliyeko kwenye darasa la watu mia mbili na lekchara mmoja ambaye ana madarasa mengine matatu, hicho sio kitu kidogo. Harvard kwenye CS50, kozi yao ya utangulizi wa kompyuta inayoongozwa na David Malan walitengeneza msaidizi wao wa AI mwaka 2023, bata wa mpira wa kwenye skrini, kapangwa amwongoze mwanafunzi kwenye jibu badala ya kumpa, na lengo walilolitaja ni kukaribia hali ya mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja. Kama Harvard wanaona walimu hawatoshi, sisi tuseme nini.

Ila hapohapo kuna bei. Modeli zinakata maandishi vipande vipande vinavyoitwa tokeni, na hizo tokeni zilipangwa zaidi kwa kufuata Kiingereza, kwa hiyo neno kama "hawatakumbuka" linakatwakatwa na sentensi ya Kiswahili inakula tokeni nyingi kuliko ya Kiingereza yenye maana ileile, na kwenye huduma za kulipia kwa tokeni hiyo ni hela. ChatGPT Plus, ya kulipia, ilitoka 2023 kwa dola 20 kwa mwezi, zaidi ya bando la mwezi mzima la wanafunzi wengi, kwa hiyo wengi wanabaki na ya bure ambayo ikifika kikomo inakushusha kwenye modeli dhaifu au inakuambia rudi baadaye, na kwa mwanzaji modeli dhaifu ni hatari zaidi sababu inakosea kwa sauti ileile ya kujiamini na yeye ndo hana uwezo wa kuigundua.

La ajira nitalisema kwa ufupi. Kazi ndogo ndogo alizokuwa anapewa mtu mpya ofisini, kurasa za fomu, ripoti rahisi, kutafsiri msimbo kutoka lugha moja kwenda nyingine, ndo hizohizo AI inaziweza. Mtu anayeajiriwa kubandika tu yuko pabaya. Anayeajiriwa kujua kwa nini meseji za kikoba hazijafika hayuko pabaya sana. Na hao wawili kwenye CV wanafanana, kwa hiyo siku ya usaili watapewa kompyuta na msimbo mbovu na kuambiwa haya, tengeneza sisi tunaangalia.

Vyuo vinafanya nini? Vingine vimekataza kabisa, na kwa ile kazi ya nyumbani katazo hilo halishikiki. Chuo Kikuu cha California San Diego kimeenda upande wa pili, mwishoni mwa 2023 kozi yao ya kwanza ilifundishwa wanafunzi wakitumia Copilot, msaidizi wa AI wa kuandika msimbo, tangu mwanzo, uzito ukahamishiwa kwenye kuligawa tatizo kubwa vipande, kusoma msimbo, na kuupima kwa mifano. Wale wa Auckland wameleta aina mpya ya swali, mwanafunzi anaonyeshwa picha tu ya kinachoingia na kinachotoka, kazi yake ni kuandika maelekezo ya maneno mpaka AI itoe programu inayofanya hivyo, na ukiwa hujaelewa tatizo huwezi kulieleza, utazunguka tu.

Sisi tuna kitu kimoja ambacho tulikuwa tunachekwa nacho miaka yote, mtihani wa kuprogramu kwa kalamu na karatasi. Mimi mwenyewe niliuona ni ujinga, nani anaandika Java kwenye karatasi. Saivi naona umepata thamani, ila sio kwa namna ulivyokuwa unatungwa, ya kumwambia mtu aandike programu nzima ya kupanga orodha kutoka kichwani, hiyo inapima kukariri na kumkata alama kwa kusahau nukta mkato. Mpe msimbo uliokwisha andikwa, mistari kumi na tano, muulize ukiingiza hiki kinatoka nini, ni mstari gani utagoma nafasi hii ikiwa tupu, badilisha ukubali namba za +255. Hayo huyajibu kwa kukariri.

Kwa asaimenti ya nyumbani, acha watumie AI, utawazuiaje, lakini nusu ya alama ziwe za kuitetea. Najua lekchara atasema ana wanafunzi mia tatu atawasikiliza lini. Hana haja ya kuwasikiliza wote. Kila wiki anachomoa majina manane kwa bahati nasibu, kila mmoja dakika tano mbele ya kompyuta na faili jipya ambalo hajawahi kuliona, anaambiwa programu yako uliyokabidhi iendeshe na hili, na kikitokea kitu kirekebishe hapahapa. Mia tatu wote watakuwa wanajiandaa, kwa sababu hakuna anayejua wiki yake.